Kikombe Kilekile: Mwongozo wa Kuacha Dharau Dhidi ya Batwa

Mwongozo huu ni wako kama umekulia Bukavu au vijiji vinavyoizunguka, wewe si Mutwa, na hujawahi kujiona kuwa mbaguzi. Labda wewe ni Mushi wa Kabare, Mulega wa Mwenga, Muhavu wa Kalehe, au Mubembe wa Fizi aliyehamia Kadutu kutafuta maisha. Mwaka 2020, polisi walipomuua George Floyd kule Minneapolis, ulihuzunika kama sisi sote, na huzuni ile ilikuwa ya kweli. Lakini ukitoka mjini ukashika barabara ya Kavumu, hata saa mbili hazipiti utakuwa umefika kwa watu weusi wanaotendewa, na sisi weusi wenzao, mambo ambayo tukiyasikia ya Marekani tunayalaani.

Nilishuhudia haya kwenye shamba moja la Kabare. Vibarua walikuwa wamepumzika chini ya migomba, na mama mwenye shamba akawa anazungusha maji kwa kikombe cha plastiki cha kijani. Kila mmoja alikunywa na kumpa mwenzake. Zamu ya kijana Mutwa ilipofika, mama alikichukua kikombe, akaokota nusu ya chupa ya mafuta iliyokatwa kwa kisu, akammiminia humo. Hakuna aliyeshangaa. Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kukinga mikono kuipokea ile chupa kabla haijaokotwa.

Mama yule si mtu mbaya, na wala hakuwa na hasira. Alifanya alivyoona mama yake akifanya, na hapo ndipo ugumu ulipo: dharau hii haitusubiri tukasirike ndipo itoke. Iko mikononi, na kwa hiyo mwongozo huu utashughulika zaidi na mikono yako kuliko moyo wako.

Dharau hii imetoka wapi

Usianze kubadilika kabla ya kuelewa, maana utachoka njiani. Kabla ya Wabelgiji, wakulima na Batwa hawakuwa sawa, na tusijidanganye kwamba walikuwa. Lakini Mutwa alikuwa na msitu. Alileta nyama, asali, ngozi na dawa, akarudi na ndizi, chumvi na vyuma. Alikuwa na kitu ambacho wewe huna, na wewe ulijua.

Ukoloni ulileta ngazi. Juu yake alikaa Mzungu, chini kabisa akawekwa yule waliyemwita Pygmée, na sisi wengine tukapangwa katikati tugombanie vidato. Bukavu yenyewe, wakati huo ikiitwa Costermansville, ilijengwa hivyo: Wazungu kwenye rasi zinazoingia ziwani, La Botte na Muhumba, na Waafrika Kadutu na Bagira. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa za kiraia kwa Mkongo "aliyestaarabika", na mwaka 1952 wakaongeza kadi nyingine ya juu zaidi. Aliyeiomba alitembelewa nyumbani: wakaguzi waliangalia familia inavyokula, inavyolala, choo kikoje. Babu zetu walipimwa utu wao kwa vyombo vya mezani. Leo tunampima Mutwa kwa kikombe.

Na Wazungu walikwenda mbali zaidi ya ukaguzi. Mwaka 1906, Ota Benga, kijana wa Bambuti kutoka misitu ya Kongo, aliwekwa kwenye banda la nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama. Waliosimama kumtetea ni wachungaji weusi wa Kibaptisti wa mji huo, wakiongozwa na James H. Gordon. Walidai atolewe, na akatolewa. Hakurudi nyumbani; alijiua huko Virginia mwaka 1916. Shika hilo la wachungaji. Hawakuwa Bambuti, hawakujua lugha yake, na wao wenyewe walikuwa wakidharauliwa kila siku mitaani. Walimuona mtu wao.

Shirika linaloendesha bustani ile, WCS, liliomba radhi hadharani mwaka 2020. Tangu 2022 shirika hilohilo ni mshirika wa ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, katika kuendesha Hifadhi ya Kahuzi-Biega, hapa kwetu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wengi wa Bukavu hawakufundishwa shuleni. Msitu wa Kahuzi ulitengwa na Wabelgiji mwaka 1937. Novemba 1970 serikali ya Mobutu iliufanya hifadhi ya taifa, ikiwa na hekta 60,000, na mwaka 1975 ikaipanua hadi hekta 600,000. Batwa waliokuwa wakiishi humo, ambao kwa ujuzi wao wa kufuata nyayo walimfikisha Adrien Deschryver, mwanzilishi wa hifadhi, kwa gorila, walitolewa kwa nguvu katika miaka hiyo ya 1970. Hawakulipwa fidia. Hawakupewa mashamba. Waliangukia kandokando ya mashamba yetu, wakaanza kulima kwa kulipwa chakula na kuuza kuni. Mwaka 1980 UNESCO iliitangaza hifadhi kuwa urithi wa dunia.

Kwa hiyo unaposema "Batwa ni maskini kwa sababu hawapendi kazi", kumbuka kwamba umaskini wao una tarehe. Wazee walioishi kabla yake wangali hai.

> Kisanduku: Sheria inasema nini
>
> • Katiba ya 2006, kifungu cha 13: hakuna Mkongo anayeweza kubaguliwa kwa sababu ya kabila lake, asili ya familia yake au hali yake, iwe katika elimu, kazi ya serikali au jambo lingine lolote. Kifungu cha 51 kinaitaka serikali ilinde makundi madogo.
>
> • Amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila, kwa maneno au vitendo.
>
> • Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Batwa na jamii zote za asili za misituni nchini. Inatambua ardhi na maliasili wanazozitegemea, na inataka waridhie kwa hiari yao, baada ya kuelezwa kila kitu, kabla ya kuhamishwa.
>
> • Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi uliotolewa hadharani mwaka 2024, iliona kuwa serikali yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Iliitaka iwarudishie ardhi yao, iwalipe fidia na iwaombe radhi mbele ya watu.

Hatua ya kwanza: jikague

Tafuta daftari. Liweke mahali ambapo wengine hawatalisoma, maana ukijua litasomwa utaandika uongo. Kwa muda wa wiki moja, rudi kwenye maswali haya kila jioni. Usiandike "ndiyo" wala "hapana". Andika tukio: wapi, nani alikuwepo, ulisema nini, ulifanya nini.

☐ Je, nyumbani kwetu kuna chombo tunachompa mtu wa aina fulani, ambacho sisi hatukitumii?

☐ Mtoto wangu akichafuka, au akila kwa pupa, ninamfananisha na nani?

☐ Ninajua jina la Mutwa mmoja aliye mtu mzima? Jina lake, si "yule wa kuni".

☐ Mama Mutwa akikaa kwenye benchi langu kanisani, mwili wangu unafanya nini?

☐ Kuku akipotea kijijini, ni nani ninayemfikiria kwanza?

☐ Nikimuona Mutwa aliyesoma, ninafurahi au ninashangaa? Kwa nini ninashangaa?

☐ Mafuta ninayojipaka usoni ninayapaka ili nifanane na nani?

Swali la mwisho halikuingia kwa bahati mbaya. Dukani pale Nyawera au Kadutu utakuta krimu za kung'arisha ngozi zimepangwa mbele, na baadhi ya krimu za namna hiyo zina haidrokwinoni au zebaki, kemikali zinazodhoofisha ngozi na, kwa zebaki, kuharibu figo. Tunazinunua kwa sababu tunaamini aliye mweupe zaidi yuko juu. Anayeamini hivyo hawezi kuacha kuamini kwamba kuna aliye chini. Ngazi ni ileile. Tofauti ni upande tu unaoutazama. Ukiacha krimu na kuendelea kumcheka Mutwa, umeshuka kidato kimoja tu.

Aibu itakuja siku ya tatu au ya nne. Iache ije, lakini usiitumie vibaya: usiende kumtafuta Mutwa wa kwanza utakayemuona umlilie na kumuomba msamaha. Atabaki hajui afanye nini, na utakuwa umemtwika mzigo mwingine juu ya kuni alizobeba.

Hatua ya pili: ulimi

Hii ni hatua rahisi, na inaweza kuanza leo.

1. Acha kusema "mbilikimo" na "kale ka-Mutwa". Mutwa mmoja, Batwa wengi, basi. Afadhali zaidi, jina lake.

2. Mtu mzima aliyekuzidi umri ni baba, mama au mzee, hata kama urefu wake unafika begani kwako. Wengi wetu tunamwita mzee Mutwa "weye" au "mtoto" na hatusikii kosa.

3. Usiseme "Mutwa wangu" wala "Batwa wetu" ukimaanisha familia inayolima kwako tangu enzi za baba yako. Humiliki mtu.

4. Mtu akitania mbele yako, huhitaji hotuba. Uliza kwa utulivu, "Unamaanisha nini, yaya?" Akilazimika kueleza utani wake, utani unakufa wenyewe. Mbele ya watoto, usiukubali utani huo kabisa, hata kama aliyetania ni mjomba.

Hatua ya tatu: kazi na ujira

Nitakaa hapa, maana hapa ndipo mtu anapoumia kila siku, na hapa ndipo wewe una uwezo bila kusubiri serikali.

Ilivyo sasa ni hivi. Mutwa analima kutwa nzima, jirani yake Mushi analima kutwa nzima kwenye shamba lilelile. Jioni mmoja anapewa franga, mwingine anapewa mihogo, au chupa ya kasiksi, au ahadi. Akidai, anaambiwa kuna deni: mwezi uliopita alipewa unga mtoto alipougua. Deni hilo halikuandikwa popote, halijui mwisho, na linarithiwa na watoto wake. Tajiri anajiona mwema kwa sababu alitoa unga.

Fanya hivi:

1. Patana kabla ya jembe kuinuliwa. Sema kiasi, sema saa za kazi, sema kama kuna chakula. Sema mbele ya vibarua wengine ili kila mtu asikie ujira ni mmoja.

2. Lipa taslimu, siku hiyohiyo, mkononi mwake mwenyewe. Kama aliyelima ni mama, usimpe mumewe. Kama ni kijana, usimpe mzee wa kambi.

3. Chakula ni chakula, si ujira. Ukiwapikia bugali na sombe wote wanaolima, hilo ni jambo jema. Lisipunguze franga ya mtu.

4. Usilipe kwa pombe. Kamwe. Hata akiiomba, mpe pesa yake kwanza, aamue mwenyewe.

5. Ukimkopesha, andika kwenye karatasi mbili: tarehe, kiasi, na njia ya kulipa. Kama hajui kusoma, amlete mtu anayemuamini amsomee. Deni likiisha, chaneni karatasi zote mbili pamoja.

6. Zungusha kikombe kilekile. Kama wote wananywa kwa kikombe kimoja, naye anywe humo. Kama unaogopa magonjwa, mpe kila mtu kikombe chake, na vyote viwe vya aina moja. Kipindupindu hakimchagui Mutwa.

Tegemea kwamba vibarua wengine watanung'unika. Wengine watakataa kunywa baada yake. Usigombane. Kunywa wewe mwenyewe baada yake, huku mkiendelea na mazungumzo, kisha mpe anayefuata. Wewe mwenye shamba ukinywa, yeye atakataa kwa nini?

Sokoni mambo ni hayohayo. Mama anayekuja na vyungu au mzigo wa kuni ametembea tangu alfajiri, na wateja wanajua hawezi kurudi navyo. Wanasubiri saa kumi jioni, bei ianguke. Usiwe mteja huyo. Patana bei kama unavyopatana na muuza sambaza wa Beach Muhanzi: kwa mzaha, kwa heshima, na ukiishia bei yenye haki kwa wote wawili.

Makala ya jikoni kwako

Utasikia hoja hii, na inafaa uwe na jibu la kweli: "Lakini si wao wanaoharibu msitu?"

Oktoba 2018, baada ya miaka mingi ya mazungumzo yasiyozaa ardhi, na baada ya kijana mmoja Mutwa kuuawa na walinzi wa hifadhi mwaka 2017, baadhi ya familia za Batwa zilirudi hifadhini. Miaka iliyofuata palitokea mapambano na walinzi, vijiji vyao vikachomwa, watu wakafa, Batwa na walinzi pia. Na ndiyo, miti mingi ilikatwa sehemu za mlimani na kuchomwa makala. Asiyekubali hilo hasemi ukweli.

Lakini uliza makala yalikwenda wapi. Mutwa asiye na gari hakuyapeleka Ulaya. Yalipakiwa na wafanyabiashara, yakapita mikononi mwa wenye silaha waliotoza kodi barabarani, yakashuka Bukavu, yakaingia kwenye mbabula zetu. Faida kubwa haikubaki kambini. Aliyenunua gunia ni mimi na wewe.

La kufanya: muulize muuza makala yametoka wapi, na upende yale ya mikaratusi iliyopandwa, ambayo Bushi inayo kwa wingi. Tumia mbabula ya udongo inayotunza moto, gunia lidumu zaidi. Na mtu akiwalaumu Batwa kwa msitu ulioisha, mwambie na sehemu yetu.

Cheti, shule, zahanati

Ukitaka kusaidia zaidi ya kuacha kudhuru, anza na karatasi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa atahangaika kwenye mtihani, kwenye kadi ya uchaguzi, na siku atakapodai shamba. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa ni bure. Zikipita, panahitajika hukumu ya mahakama, na hukumu ina gharama zake. Kwa hiyo:

1. Ukijua kuna mama Mutwa mjamzito, mweleze juu ya siku 90 mapema, na karatasi ya kujifungulia anayopaswa kudai kwenye kituo cha afya.

2. Mlipie moto au mtembee pamoja hadi ofisi ya hali ya kiraia. Kaa naye kwenye benchi. Makarani hubadilisha sauti wakiona kuna shahidi.

3. Simamia majina yaandikwe sawasawa kama wazazi wanavyoyatamka. Makarani wengi hujiandikia wanavyotaka.

4. Cheti kibaki kwake. Usimtunzie wewe.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sare, daftari, sabuni na njaa si bure. Tena kinachomtoa mtoto Mutwa darasani mara nyingi ni wenzake wanaokataa kukaa naye na mwalimu anayejifanya haoni. Kama wewe ni mwalimu, panga viti kwa namna inayochanganya watoto wote, ili asionekane amewekwa mahali maalumu. Kama wewe ni mzazi, muulize mwanao leo usiku anakaa na nani. Kama uko kwenye kamati ya wazazi, weka jambo hili kwenye ajenda na ulitaje kwa jina. Na mfadhili anayetaka kuwanunulia sare watoto Batwa peke yao, mshauri awanunulie wote wasio nazo darasani. Zawadi inayomtenga mtoto inampa kejeli mpya.

Ukishuhudia ukatili

Kuna imani moja chafu ambayo lazima niiandike wazi: kwamba mwanaume akilala na mwanamke Mutwa maumivu ya mgongo yanapona. Ni uongo, na imesababisha wanawake na wasichana wengi kubakwa katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Ukiisikia kwenye pombe, usicheke hata kidogo. Sema ni ubakaji, na kwamba ni jela.

Mtu akija kwako baada ya kubakwa:

1. Mwamini. Usimuulize alikuwa anafanya nini huko.

2. Afike hospitali ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifanyi kazi zikichelewa zaidi ya hapo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, hutibu waathirika bila malipo.

3. Asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa na daktari kama anaweza kuvumilia. Nguo ziwekwe kwenye karatasi au bahasha, si plastiki. Akiwa ameshaoga, aende vilevile.

4. Kushtaki ni uamuzi wake. Mweleze njia zilizopo, kisha umuache achague.

Kwa ukatili mwingine, kama kupigwa, kunyang'anywa shamba au kukamatwa ovyo, andika tarehe, mahali, waliokuwepo na kilichosemwa. Omba ruhusa yake kabla ya kuandika jina. Kisha mpeleke kwa wanaolijua jambo hili: mashirika ya Bukavu kama CAMV, UEFA ya wanawake wa jamii za asili, na ERND, ambayo pamoja na Minority Rights Group ndiyo iliyoifikisha kesi ya Kahuzi-Biega mbele ya Tume ya Afrika.

> Tahadhari
>
> • Tangu M23 ilipoingia Bukavu Februari 2025, ofisi na mamlaka si zilezile. Kabla hujampeleka mtu kushtaki popote, uliza kwanza shirika linalofuatilia ni njia gani iliyo salama sasa.
>
> • Usiweke picha, sauti au jina la Mutwa aliyedhulumiwa kwenye WhatsApp au Facebook. Kuna waliolipiziwa kisasi kwa jambo dogo kuliko hilo.
>
> • Usiende kambi zilizo ndani au pembeni ya hifadhi kwa kiherehere. Kuna makundi yenye silaha, na ukija na kuondoka, maswali wataulizwa wao.

Makosa ya watu wenye nia njema

Kuwaomba wacheze ngoma wageni wanapokuja. Kama wanacheza kwa sherehe yao, ukaalikwa, cheza nao.

Kugawa nguo kuukuu huku kamera inapiga. Nimeona mzee akisimamishwa kushika shati lililopasuka kwapani ili picha ipatikane. Kama shati huwezi kumpa baba yako, usimpe baba wa mwingine.

Kuzungumza kwa niaba yao wakiwa wamekaa palepale. Kwenye mkutano wa kijiji au wa parokia, ukiona jambo linalowahusu linajadiliwa na wao wamekaa nyuma kimya, fanya kitu kimoja: taja jina la mmoja wao, mama akiwepo iwe mama, na umuombe mwenyekiti ampe nafasi ya kwanza ya kusema. Muda wa kutafsiri Mashi, Kihavu au Kitembo upatikane. Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi imewatengea Batwa viti vitatu bungeni na vitatu kwenye seneti tangu katiba ya 2005. Kwetu bado hata kiti cha mbele kwenye mkutano wa kijiji ni shida.

Kutaka wawe kama sisi. Mradi unaomfundisha Mutwa kulima bila kumpa ardhi ya kulima ni dharau iliyovaa tai. Ardhi ndiyo wanayoidai, na ukiwa na sauti yoyote, kwa mwami, kwa chifu wa grupmani, kanisani, kwenye redio, itumie hapo: itekelezwe sheria ya 2022, utekelezwe uamuzi wa Tume. Kama una shamba lisilotumika, mkodishe Mutwa kwa karatasi na kwa miaka kadhaa, si kwa mdomo na kwa msimu, maana anayejua atafukuzwa mwakani hapandi migomba.

Nyumbani, mlango ukigongwa

Kuna swali ambalo sikuliweka kwenye orodha ya mwanzo kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hulijibu haraka na kwa uongo. Siku binti yako au kijana wako akikuambia mchumba wake ni Mutwa, utafanya nini?

Wengi waliozungusha kikombe vizuri watakwama hapa. Bibi atalia, shangazi watapiga simu kutoka Goma na Kinshasa, mtu atasema ukoo umechafuka. Jitayarishe mapema, mkiwa wawili, wewe na mwenzio, kabla hayajatokea, na mkubaliane maneno mtakayosema kwa familia ili mmoja asimwache mwenzake peke yake.

1. Usijibu usiku uleule. Mshukuru mtoto kwa kukuambia.

2. Uliza unayomuulizia mkwe yeyote: ni mtoto wa nani, anafanya kazi gani, ana tabia gani, wanapendana kweli au la. Kama kuna sababu ya kukataa, iwe ile ambayo ingekufanya umkatae hata mtoto wa mwami.

3. Waalike wazazi wake nyumbani kwako, sebuleni, si kwenye baraza la nyuma. Vyombo viwe vya wageni.

4. Ndugu wakija kupinga, waache waseme mpaka wamalize, kisha waambie uamuzi wenu kwa sentensi moja. Msijadili utu wa mkwe wenu mbele ya mtu yeyote.

5. Mahari yapatanwe kama kawaida. Ukitaja pungufu kwa sababu binti ni Mutwa, umemtukana. Ukimsamehe kijana Mutwa mahari yote kwa huruma, umemtukana vilevile. Mkae na wazee wa pande zote mbili, mhesabu ng'ombe au bei yao, na mpange tarehe.